Mwongozaji anataka nihamishe machozi ya mama huyu

Mzee wangu mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, mhariri wa picha jijini Mwanza. Kwa miaka mitano nilikuwa nikihariri video za harusi na sendofu, hadi kaka mmoja, mwongozaji wa filamu, aliponichukua, akanifundisha kazi, na sasa amenikabidhi filamu yake ya makala ya dakika 52 ambayo televisheni moja ya Ulaya imekubali kuinunua. Filamu hiyo inahusu akina mama wanaonunua na kuanika dagaa katika mwalo mmoja, yaani pwani ya kushushia samaki, wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, na hasa jinsi mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza, inavyowamaliza.

Mhimili wa filamu ni mama mmoja ambaye tulifanya naye mahojiano ya saa mbili. Katika muda wote huo alilia mara moja tu, alipoulizwa habari za mdogo wake aliyezama ziwani. Kaka anataka nilikate swali lile na kuliweka swali la mkopo mahali pake, ili ionekane kwamba analilia deni. Tena mama huyu alisema hivi: “Ule mwaka wa mvua nyingi mkopo ulinibana hadi nikauza kitanda, lakini bila kikoba mwanangu asingemaliza kidato cha nne.” Kaka anataka nikate pale kwenye kitanda, na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha isomeke kwamba wakopeshaji walimnyang'anya kitanda chake. Ukweli ni kwamba mama huyu hajawahi kuchukua mkopo wa kausha damu. Deni lake lilikuwa la kikoba, yaani chama cha kuweka na kukopeshana, cha wanawake wenzake wa mwalo uleule.

La tatu ni la usiku. Tulifika mwaloni wakati wa mbalamwezi, wavuvi wamekwisha kuipandisha mitumbwi nchi kavu. Kaka akawalipia mafuta watoke, wawashe taa na kutupa nyavu mbele ya kamera, na msimulizi anasema huo ni usiku wa kawaida wa kazi.

Nilipohoji, alinijibu kwa upole kwamba hata baba wa filamu za makala, Robert Flaherty, aliwaigizisha watu wake. Kwamba kila kukata ni kudanganya, hivyo tofauti iliyopo ni ya kiwango tu. Kwamba kausha damu ni janga la kweli na machozi ya mama huyu yanasimama badala ya machozi ya wengi. Na kwamba mama mwenyewe alitia saini fomu ya ridhaa. Namheshimu sana, na ninajua bila yeye ningekuwa bado kwenye harusi. Nusu ya malipo yangu haijalipwa, na filamu inatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Je, mhariri naye hubeba lawama, au mimi ni mkono tu unaotumwa?

Mhariri asiyelala, Mwanza

* * *

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na ule usiku wa mbalamwezi, kwa kuwa ndilo jambo jepesi kuliko mengine.

Wale wavuvi hawakufundishwa jambo wasilolijua. Mtumbwi ni wao, nyavu ni zao, na kila giza linapoingia wao huwasha taa na kuwasubiri dagaa wazifuate kutoka chini. Kumwomba mtu arudie mbele ya kamera kazi anayoifanya siku zote ni desturi ya zamani katika fani hii, na nisingependa ujitese kwa ajili yake. Mimi mwenyewe niliwahi kumwomba fundi wa mitumbwi apigilie tena msumari aliokwisha kuupigilia, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nabadilisha kanda. Hata hivyo kaifungue klipu ile uitazame vizuri majini. Ikiwa mwanga wa mwezi unametameta juu ya mawimbi, mtoto yeyote wa Ukerewe atacheka, maana anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu dagaa hutawanyika na wanaume hubaki pwani wakishona nyavu. Kinachotakiwa ni sentensi moja ya msimulizi: kwamba mlifika wakati wa mbalamwezi, na wavuvi wakakubali kutoka ili wawaonyeshe namna wanavyovua giza likiwapo. Sentensi hiyo haiharibu kitu, na inampa mtazamaji wa mbali jambo ambalo asingelijua, kwamba kazi yote hii inaendeshwa kwa kalenda ya mwezi.

Maigizo yenyewe hayajawahi kuwa kosa. Katika The Thin Blue Line ya mwaka 1988, Mmarekani Errol Morris aliigiza mara kadhaa tukio la polisi kuuawa kwa risasi barabarani huko Dallas, kila mara akifuata maelezo tofauti, na mtazamaji alijua waziwazi kwamba anaonyeshwa jinsi ushahidi unavyogongana. Randall Dale Adams, aliyekuwa gerezani kwa mauaji yale, aliachiwa mwaka uliofuata.

Sasa tuje kwa Flaherty, ambaye kaka yako amemfanya ngao. Ni kweli kwamba katika Nanook of the North ya mwaka 1922 mambo mengi yalipangwa. Mwindaji aliyeitwa Nanook jina lake halisi lilikuwa Allakariallak. Mwanamke aliyeonyeshwa kuwa mkewe hakuwa mkewe. Nyumba ya theluji ilijengwa kubwa kupita kawaida na upande mmoja ukaachwa wazi, kwa kuwa kamera za zama zile zisingeona kitu ndani ya giza. Na Wainuit, ambao tayari walikuwa na bunduki, waliombwa kuwinda kwa chusa kama babu zao. Lakini mambo hayo hayana uzito mmoja. Nyumba yenye upande mmoja naisamehe bila shida, kwa kuwa mwanga ni mwanga. Vilevile ni haki kukumbuka kwamba Wainuit walifanya kazi ile pamoja naye, na kwamba Flaherty alikuwa akizisafisha picha kulekule kwenye baridi na kuwaonyesha, hivyo walijua wanachokitengeneza. Lisilosameheka machoni pangu ni kipande cha gramafoni, ambapo Allakariallak anaonyeshwa akiistaajabia mashine na kuing'ata santuri kana kwamba hajapata kuiona, ilhali aliifahamu. Pale aliigizishwa ujinga, na dunia ikamwamini. Kwa hiyo kaka yako anapolitaja jina hilo, muulize kwa adabu anamfuata Flaherty yupi: yule aliyebomoa ukuta apate mwanga, au yule wa santuri.

Hoja ya kwamba kila kukata ni kudanganya ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Karibu miaka mia moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov aliuunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso ambao haukubadilika hata kidogo. Wewe unakula kwa kanuni hiyo, binti yangu, na mtazamaji naye anajua kwamba mahojiano ya saa mbili hayawezi kuingia katika dakika sita bila kisu. Kisu amekikubali. Asichokikubali, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, ni kwamba jibu analolisikia ni la swali jingine. Mwaka 2007, katika kionjo cha filamu kuhusu Malkia Elizabeth kilichoonyeshwa kwa waandishi wa habari huko London, vipande viwili viliunganishwa kinyume cha mfuatano wake, ikaonekana kana kwamba Malkia ameondoka kwa hasira mbele ya mpiga picha, wakati kipande kile cha yeye akitembea kilikuwa cha kabla, akielekea kwenye kupigwa picha. Hakuna picha hata moja iliyobuniwa. Mfuatano peke yake ulisema uongo, na mkuu wa chaneli ya BBC One akajiuzulu mwaka huohuo.

Unachoombwa kufanya ni kikubwa kuliko hicho, kwa sababu malkia aliyekasirika hata akisingiziwa hajapoteza mtu. Mama huyu alimlilia mdogo wake. Kuyahamisha machozi yale ni kuuchukua msiba wake na kuutumia kulipia hoja ya mtu mwingine, na sidhani kama kuna mwanamke wa mwaloni ambaye angekubali kama angeelezwa hivyo kwa Kiswahili cha kawaida. Fomu ya ridhaa aliyoitia saini iliruhusu sura yake na maneno yake yatumike. Maneno ambayo hakuyasema, na kilio ambacho hakukilia kwa sababu hiyo, havikuwamo katika karatasi ile, na hata vingekuwamo kwa maandishi madogo nisingevihesabu kuwa ridhaa.

Jambo la tafsiri ndilo linalonikera kuliko yote, pengine kwa sababu ya umri wangu. Nimeketi zaidi ya mara moja katika kumbi za ugenini nikimsikia mzee wa kwetu akisema jambo refu lenye busara na kejeli ndani yake, na chini ya picha nikasoma maneno manne ya Kiingereza ya kuomba huruma. Ukumbi mzima ukasikitika, nami nikabaki nikitazama huku na huku kama mtu aliyeingia msiba usio wake. Mtazamaji wa Ulaya hana sikio la kujilinda nalo. Katika sentensi ya mama huyu mzigo wote umekaa baada ya “lakini”, kwa kuwa yeye alikuwa akieleza hesabu aliyoipiga mwenyewe: aliuza kitanda, akamsomesha mtoto. Mtu aliyeuza kitanda amefanya uamuzi mchungu. Mtu aliyenyang'anywa kitanda hakuulizwa. Kukibadilisha kitenzi hicho ni kumfuta mama huyu na kumweka mwingine anayefanana naye.

Na usidhani kwamba mambo haya yanawasumbua wadogo tu. Mwezi Novemba 2025 mkurugenzi mkuu wa BBC na mkuu wa habari wa shirika hilo walijiuzulu katika mzozo ambao kiini chake kilikuwa kipindi cha Panorama, kilichoziunganisha sehemu mbili za hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, zilizoachana kwa zaidi ya dakika 50, zikasikika kana kwamba zilitamkwa kwa mfululizo. Mtu aweza kumpenda Trump au kumchukia, hilo halibadilishi dakika 50. Lakini yeye alikuwa na wanasheria na majukwaa ya kujibia. Mama wa dagaa ana simu ya kitochi.

Kwa kuwa uko Mwanza, sina haja ya kukueleza mapanki ni nini, ila wasomaji wengine wajue kwamba ni mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishakatwa, ambavyo hukaushwa au kukaangwa na kuuzwa. Filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka 2004, ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kugombea Oscar, na picha yake ambayo watu hawakuisahau ni ile ya mapanki yaliyoanikwa yakiwa na funza, huku swali la ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya zilikuja na nini, na kama zilileta silaha, likirudiwa kila mara. Umaskini aliouonyesha ulikuwapo, watoto wa mitaani walikuwapo, na minofu kwenda nje ilikuwa ikienda kweli. Nisingependa mtu aseme nimekana hayo. Lakini mtazamaji wa Paris angeweza kutoka ukumbini akiamini kwamba watu wa ziwa hili hawali kitu isipokuwa mabaki ya mzungu, kana kwamba hakuna sato wala dagaa, wala mtu anayepika sangara nyumbani kwake. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, Mwanza kukawa na maandamano ya kuipinga, na mwandishi wa habari wa hapa aliyeonekana katika filamu ile akapata misukosuko ya dola, jambo ambalo kwangu ni aibu kubwa kuliko filamu yenyewe. Zingatia nani alibaki na bili. Mwongozaji alikuwa kwao.

Ndivyo itakavyokuwa kwa mama huyu. Filamu itapita Ulaya, lakini siku hizi hakuna kitu kinachobaki Ulaya. Kipande cha dakika mbili kitarudi kwa WhatsApp, na wanawake wenzake wa kikoba watamwona akilia mbele ya wazungu kwamba mkopo wao ulimnyang'anya kitanda. Kikoba hakina jengo wala mwanasheria. Kinaendeshwa kwa kuaminiana, na mwanachama aliyekisema vibaya hadharani anaweza kukosa mkopo wa msimu unaofuata, msimu ambao mvua ikinyesha juu ya dagaa walioanikwa mchangani, wataharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kaka yako anasema anawatetea akina mama dhidi ya kausha damu, na chombo pekee kilichomwepusha mama huyu na kausha damu ndicho anachotaka kukichafua. Sijui kama amelitazama kutoka upande huo. Huenda hajalitazama, kwa sababu mwongozaji aliyekaa na wazo lake miaka miwili huanza kumwona kila mtu kuwa mfano wa wazo lile.

Ni ugonjwa wa zamani. Mwaka 1958 studio ya Disney ilitoa White Wilderness, filamu iliyowaonyesha lemming, panya wadogo wa nchi za baridi, wakijirusha kutoka gengeni kwa makundi. Watu wengi waliamini tangu zamani kwamba panya hao hujiua. Wapigapicha walikuwa Alberta, jimbo la Kanada, wakawaleta panya hao kutoka jimbo jingine la Manitoba na kuwasukumia majini. Filamu ikapata Oscar, na ilichukua hadi mwaka 1982 kwa televisheni ya Kanada kuufichua mchezo huo. Aliyeliamini jambo kwa moyo wote ndiye mwepesi wa kulitengenezea ushahidi, kwa kuwa haoni kwamba anadanganya. Anaona kwamba anausaidia ukweli uliochelewa kufika.

Kuhusu lawama, ndiyo, mhariri hubeba yake. Katika filamu ya makala wewe ndiye mtu wa mwisho aliyesikia saa zote mbili. Mpiga kamera amesahau, mwongozaji anakumbuka alichokitaka, na mnunuzi wa Ulaya hajui Kiswahili. Ukinyamaza wewe, hakuna mwingine wa kusema.

Lakini usimwendee kaka yako na hukumu, na usimsemee mbele ya wengine wa timu. Alikutoa kwenye harusi, na mtu aliyekufundisha kazi anastahili kuambiwa faraghani, mkiwa mmekaa. Mpelekee kitu mkononi. Andika mahojiano yote neno kwa neno pamoja na muda wa kila jibu, uyahifadhi kwenye diski yako na pembeni uweke tafsiri kamili ya Kiingereza. Halafu hariri matoleo mawili ya kipande cha mama: moja kama alivyotaka, ili asiseme umekaidi kabla ya kujaribu, na jingine ambamo mama analia kwa ajili ya mdogo wake, ananyamaza, anajifuta uso kwa kanga, kisha anaeleza kitanda na kidato cha nne kwa sauti ile ya hesabu. Yatazameni pamoja bila kusema kitu. Nina uzoefu wa kutosha kujua kwamba toleo la pili mara nyingi hushinda lenyewe, kwa sababu mtu mzima anayejieleza huvuta kuliko mtu anayeonewa tu, na kwa sababu ziwa linalolisha na kuua lipo ndani yake bila msimulizi kulitaja.

Kisha mwambie ukweli wa pili, ambao nadhani ndio utakaomwokoa: filamu yake haina mtu wa kausha damu. Ameiandika filamu ya kausha damu na mhimili wake hajawahi kuikopa. Hilo si tatizo la kuhariri hata kidogo, na machozi ya kuazima hayatalitibu. Meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, inachukua saa tatu hivi, na akina mama waliokopa kwa riba ya kila wiki hadi wakachukuliwa sufuria hawana uhaba katika visiwa vile, wala Mwanza mjini. Siku mbili za kupiga picha zitampa mama wa pili, mwenye deni lake mwenyewe na maneno yake mwenyewe, na wa kwanza atasimama kando yake akiwa aliyepata njia nyingine. Mwombe mnunuzi wiki mbili zaidi. Maombi kama hayo ni ya kawaida katika biashara hii kuliko vijana mnavyofikiri.

Akikataa yote, mwandikie kwa ujumbe mfupi wenye heshima kwamba hutaliweka swali la mkopo mbele ya machozi yale wala kuikata ile sentensi, kwamba uko tayari kumaliza sehemu nyingine zote, na kwamba akimpa mtu mwingine kazi hiyo jina lako lisiwemo kwenye orodha ya watengenezaji. Malipo yaliyobaki yadai kwa kazi uliyoifanya, kwa kufuata mkataba wenu, na usiyachanganye na jambo hili katika ujumbe mmoja. Unaweza kuyapoteza. Sitakuficha hilo, na sitakuambia kwamba riziki hutoka kwingine, kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri.

Kabla ya yote hayo, ikiwa una siku moja, panda meli uende na kompyuta yako mwaloni, umwombe mama akae mahali penye kivuli na umwonyeshe kipande chake kilichohaririwa kwa ukweli. Chukua betri ya ziada. Ile sehemu ya mdogo wake atataka kuitazama zaidi ya mara moja.